Anasema Hajui

Utafiti una matawi mawili makubwa, na kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili hufundishwa kuyapambanua kabla ya kuruhusiwa kutoka nje ya chuo. Tawi la kwanza huhesabu. Hutaka kujua ni wangapi, ni kiasi gani, ni mara ngapi. Tawi la pili husikiliza. Hutaka kujua watu wanayaelewaje mambo yao wenyewe, na wanayaeleza kwa maneno gani. Hili la pili huitwa utafiti wa kimaelezo, nalo lina sifa isiyo ya haki miongoni mwa wanafunzi, yaani ya kuwa ni rahisi kwa sababu halina hesabu. Wengi hulikimbilia kwa ajili hiyo. Mtu aliyeshindwa na hesabu shuleni hudhani kwamba masikio yake yatamtosha, maana amekuwa akiyatumia tangu utotoni na hakuna aliyewahi kumpa mtihani wa kusikia.

Mwanafunzi mmoja, binti mzaliwa wa Musoma, alikuwa katika hesabu ya hao. Vitabu vilivyotakiwa alivisoma. Alizijua habari za Malinowski, aliyekaa katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na ambaye baadaye alimfundisha Jomo Kenyatta katika London. Kitabu cha Kenyatta juu ya Wakikuyu kikatoka mwaka 1938. Aliwajua Glaser na Strauss, ambao mwaka 1967 walihimiza ya kuwa nadharia izaliwe na data, wala data isilazimishwe kuitumikia nadharia iliyokwisha kupikwa. Katika mafundisho yao alilipenda moja kuliko yote: kwamba mtafiti huacha kukusanya pale ambapo kila asikialo jipya halimwongezei kitu. Hali hiyo huitwa kutosheka. Mwanafunzi mwenye karo ya miaka miwili na mfuko wa mwaka mmoja na nusu huipenda mno nadharia yenye mlango wa kutokea.

Somo lake lilikuwa historia ya koo na makazi katika wilaya za Bunda na Butiama. Barua ya chuo ilifika kwa Katibu Tawala wa Mkoa mjini Musoma. Kutoka hapo ikateremka wilayani, ikaenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, hata ilipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji ilikuwa imejaa mihuri kuliko maneno. Kila aliyeisoma alifika kwenye neno "historia", akainua macho, akaelekeza kidole upande ule ule: kwa wazee wa kiume. Hata ofisa mmoja ambaye mwenyewe alikuwa mama wa makamo alifanya vivyo hivyo bila ya kusita. Hakuna aliyekusudia kumzuia binti yule. Lakini vitabu vyake vilikuwa na sura nzima juu ya namna ya kuteua wasailiwa, wala havikusema kwamba barua yaweza kuwateua kabla mtafiti hajashuka garini.

Wazee walimpokea vyema. Kule Butiama alielezwa juu ya Wazanaki na waleta mvua wao. Kule Nyamuswa, katika Bunda, alisimuliwa asili ya Waikizu: jinsi mwanamke Nyakinywa alivyokuja kutoka upande wa Usukuma akiwa na ujuzi wa mvua, akakutana na mwindaji Isamongo aliyekuwa na moto, na jinsi walivyopatana juu ya utawala. Mzee wa kwanza aliisimulia kwa saa nzima. Wa pili alirekebisha mambo mawili. Wa tatu alimrekebisha wa pili. Alipofika kwa wa kumi na moja, binti yule aliweza kumtangulia msimuliaji kwa sentensi mbili, akaandika katika daftari lake kwamba ametosheka.

Kwa kuwa mwongozo wa utafiti ulidai jinsia zote, aliwasaili pia wanawake wanne. Wote walisema: "Historia? Waulize wanaume." Akachora jedwali, na mbele ya kila mmoja akaandika "Hajui". Halikumshtua hata kidogo jambo hili, kwamba nchi ambayo hadithi ya utawala wake huanza na mwanamke ina wanawake wasioijua.

Wa mwisho kati ya hao wanne alikuwa bibi kizee akaaye karibu na mlima Chamuriho. Binti wa Musoma alijua Kijita na Kiswahili, bali Kiikizu hakukijua, basi mjukuu wa bibi, kijana wa sekondari, akawa mkalimani. Swali liliulizwa kwa Kiswahili na kijana akalifasiri, isipokuwa neno "historia" ambalo alilipitisha jinsi lilivyo. Bibi alinyamaza kidogo. Kisha alisema kwa muda mrefu, mkono wake ukionyesha kusini, halafu magharibi liliko Ziwa, halafu ardhi pale alipoketi. Alipomaliza, kijana akageuka akasema: "Anasema hajui."

Akashukuru, akaaga, akaondoka.

Kunukuu sauti ni kazi ambayo wanafunzi huidharau hata waionje. Saa moja ya maneno yaweza kula siku nzima ya kazi. Binti yule aliifanya Musoma, katika chumba cha kupanga kisicho mbali na Mwigobero, ambako mitumbwi hupakua na mama wauza dagaa hushinda juani. Mmoja wa mama hao alipanga chumba katika ua ule ule, naye alizaliwa Ikizu. Jioni moja alipita na ndoo yake wakati sauti ya bibi inacheza, akasimama.

"Mwanangu, huyo bibi ni nani anayeeleza vizuri namna hii?"

"Ni mmoja aliyesema hajui, mama."

Mama yule aliiweka ndoo chini. Waliicheza upya, sentensi kwa sentensi. Naam, bibi alikuwa amesema hajui. Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza. Alisema mambo ya koo ni ya wanaume, na hayo hayajui. Kisha akaongeza: mimi najua nyanya wa mama yangu alitoka wapi. Alitolewa akiwa msichana katika miaka ya njaa, ng'ombe walipokwisha kufa kwa sotoka, akapelekwa Usukumani ili nyumba ipate nafaka. Huko alikua, huko alipata marafiki, na aliporudi kuolewa alirudi na urafiki ule. Kwa ajili yake nyumba fulani na nyumba fulani hazikupata kupigana. Na njaa nyingine ilipokuja, watoto walijua njia ya kufuata hadi Ujita, na jina la kutaja mlangoni wafikapo. Dakika kumi na tatu zilijaa majina, karibu yote ya wanawake, na hakuna hata moja lililokuwa limetajwa na wale wazee kumi na mmoja.

Njaa hiyo na sotoka hiyo ni mambo ya miaka ya 1890, na yanajulikana sana katika historia ya Afrika Mashariki. Tofauti hii ya ujuzi nayo haikuwa ngeni. Jan Bender Shetler, mwanahistoria wa Marekani aliyetafiti Mara kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2003 mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini. Na katika mwaka uo huo aliandika juu ya ujuzi wa historia wa wanawake wa Serengeti, kwamba hautofautiani na wa wanaume kwa uchache bali kwa namna. Mwaka 2019 alitoa kitabu kizima, Claiming Civic Virtue, juu ya kumbukumbu ya mahusiano ambayo wanawake wameitunza. Mkusanyo ule binti aliusoma. Kitabu cha 2019 hakikuwamo katika maktaba ya chuo chake.

Alikumbuka pia jambo alilolisoma alipokuwa Butiama. Mwalimu Nyerere, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940, aliandika insha juu ya hali ya wanawake, akiyapima mawazo ya John Stuart Mill kwa maisha ya jamii aliyoifahamu. Insha hiyo haikuhitaji kibali wala mkalimani; mwandishi wake alikulia katika boma la mtemi mwenye wake 22, na mama yake alikuwa mmoja wao.

Msimamizi alipopigiwa simu alijibu kwa upole kwamba data imetosheka, muda umekwisha, na sehemu hiyo yaweza kutajwa katika sura ya mwisho kama mapungufu ya utafiti. Shauri hilo halikuwa baya. Tasnifu nyingi zimeokolewa nalo. Lakini kilichotosheka lilikuwa swali. Lingeulizwa kwa wazee mia lingetosheka mara mia, na katika jedwali "Hajui" nne zingebaki zimekaa kama ushahidi.

Alirudi Nyamuswa na mama wa dagaa, aliyefunga biashara siku mbili kwa nauli na kilo chache za sukari. Safari hii neno "historia" halikutamkwa. Aliuliza: "Bibi, mama yako alitoka nyumba gani akaja kuolewa hapa? Na ng'ombe walitoka kwa nani?" Walikaa hata kuku wakapanda kulala.

Mwisho ikaletwa fomu ya ridhaa. Mama wa dagaa alifasiri: jina lako halitaandikwa, utaitwa Msailiwa wa 15. Wazee wa kiume walilikasirikia sharti hilo, maana walitaka majina yao yasomwe. Bibi hakukasirika. Alisema jina lake lifichwe wapendavyo, lakini jina la yule msichana aliyepelekwa kubadilishwa kwa nafaka liandikwe, na liandikwe sawasawa, kwa kuwa katika uzao wote hakuna aliyerithishwa.

Fomu haikuwa na nafasi ya jina hilo. Binti aliigeuza, akauliza herufi moja moja, akaliandika nyuma. Kisha bibi akatia wino kidoleni na kuweka alama yake hapo, upande wa nyuma.