Baiskeli na Wana Wetu

Mzazi anapomnunulia mwanawe baiskeli, furaha huenea nyumba nzima, na siku hiyo mtoto hata chakula hakikumbuki. Nasi hatuna neno na furaha hiyo. Baiskeli ni chombo cha heri: humfikisha mtoto chuoni kwa wakati, huutia mwili wake nguvu, wala haili mafuta. Lakini aghalabu wazazi hudhani kwamba kazi ya kufundisha imekwisha pale mtoto awezapo kwenda hatua ishirini bila ya kuanguka. Sisi twaonelea kuwa hapo ndipo inapoanza.

Njia za leo si zile walizopita babu zetu. Iwe Unguja au Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, barabara moja huchukua malori, mabasi, bajaji, bodaboda na waendao kwa miguu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Basi si maradhi peke yake tunayopaswa kuwakinga nayo wana wetu.

Nyumbani kwetu tumefundisha watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na kanuni yetu imekuwa moja: mtoto ajue kusimama kabla ya kujua kwenda mbio. Tulikiteremsha kiti hata nyayo zote mbili zikakanyaga ardhi, tukazifungua pedeli, tukamwacha ajisukume kwa miguu kiwanjani. Alipokwisha kupata mizani tukazirejesha, tukamfundisha breki. Zote mbili hukamatwa pamoja, kwa utaratibu. Maana ya mbele ikibanwa peke yake ghafula, gurudumu la nyuma huinuka na mpandaji akarushwa mbele ya usukani. Kisha tukachora mstari mchangani, tukamwambia asimame papo hapo, asiupite. Watoto walinung'unika, kwa kuwa wenzao walikwisha kufika sokoni. Hatukuyajali manung'uniko hayo.

Wako watoto wajifunzao kwa baiskeli ya baba. Kiti hawakifikii, basi hupenyeza mguu chini ya mti wa baiskeli, wakaenda upande upande. Sisi wakubwa tukiwaona huwacheka na kuwasifu kwa ujanja. Lakini mtoto huyo akikutana na gari hana pa kuweka mguu, na baiskeli ni nzito kuliko yeye.

Mtaani kwetu palikuwa na kijana wa miaka tisa aliyetumwa mkate wakati wa magharibi, akampakia mdogo wake nyuma. Njiani mguu wa mdogo ukaingia katika spoki za gurudumu, na mfupa ukavunjika. Watu wakamlaumu yule kijana. Sisi twauliza: nani aliyemtuma? Nani aliyemwonyesha pa kuweka miguu ya abiria wake, au aliyemkataza kuchukua abiria? Mtoto hawezi kulaumiwa kwa elimu ambayo hakupewa.

Elimu yenyewe si ngumu. Nchi zetu hushika mkono wa kushoto, basi naye ashike kushoto, wala asiende sambamba na mwenziwe wakizungumza. Atokapo uchochoroni asimame, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Pa kuvuka ashuke, aikokote baiskeli. Mtoto mdogo hawezi kupima mwendo wa gari. Lililo mbali hulidhania bado sana, kumbe limekwisha kumfikia. Kofia ya kiua ni vazi la heshima, lakini haizuii pigo: palipo na uwezo avae kofia ngumu, ikae juu ya nyusi kiasi cha vidole viwili, na ukanda wake ufungwe kidevuni. Kanzu au buibui ikunjwe, isinaswe na mnyororo. Giza likiingia, pawe na taa mbele, na nyuma kioo chekundu king'aacho kinapomulikwa.

Lakini mtoto hufuata analoliona kabla ya analoambiwa. Baba akikimbilia sala ya jamaa kwa kupita upande usio wake, na mwana amepakiwa nyuma, amemfundisha kuwa haraka njema huhalalisha mwendo mbaya. Akipunguza mwendo kwa ajili ya mzee anayevuka, akaipiga kengele kwa upole asimshtue, amemfundisha kuwa njia ina haki, na wenye haki hiyo ni wengi.

Nanyi vijana, msione haya kushika breki mbele ya wenzenu. Anayepita mbio kati ya magari hana ushujaa wowote. Amemwachia dereva asiyemjua kazi ya kumhifadhi.

Kwa wazazi ombi letu ni dogo. Kabla hamjampa mtoto ruhusa ya kutoka barabarani, mchukueni kiwanjani, mchore mstari, mmwambie aje mbio na asimame hapo. Akiupita, baiskeli na irudi ndani, na somo lianze upya kesho. Machozi ya leo hufutwa kwa kiganja.