Moshi Tuliokuwa Tukiukimbilia

Lori la korosho likitoka Masasi kupandisha Newala, tulilisikia kabla hatujaliona. Ulikuwa msimu wa 1973/74, korosho za nchi nzima zilipofika kama tani 145,000, na barabara yetu haikukaukiwa malori. Tulitoka shule pekupeku kwenye mchanga mwekundu, tukalikimbilia kwa nyuma tukivuta moshi kwa pua zote mbili. Ulinukia safari. Aliyevuta mwingi ndiye aliyefika Mtwara siku hiyo. Wengine tulibaki Newala.

Mjukuu wangu hatembei. Alfajiri gari la shule humfuata mlangoni, na nauli nalipa mimi, kwa fahari nisiyoificha. Ni kigari kikuukuu. Dereva hakizimi akisubiri watoto, maana akikizima lazima kisukumwe. Kinanguruma hapo, moshi mweusi unatambaa chini ya mkorosho hadi barazani. Mwezi wa Juni, ukungu wa bonde la Ruvuma ukipanda na baridi yake, watoto hufunga vioo vyote, na mlango wa nyuma usioshika unarudisha ndani kilichotoka kwenye ekzosi.

Jioni moja nilimpenga kamasi. Leso ikatoka na michirizi myeusi.

"Ni siti ya nyuma, babu," akasema, kama anayenieleza sare imechanikia wapi.

Mafuta si yale ya utoto wetu. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Ila nozo za injini zikichoka na chujio la hewa likiziba, hata dizeli njema hutoa masizi. Na moshi wa dizeli, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka tangu 2012 miongoni mwa visababishi vya saratani. Mapafu ya mtoto bado yanajengwa, naye hupumua haraka kuliko mimi. Gesi asilia ya Mnazi Bay, ya mkoa wetu huuhuu, inakwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam, ambako kuna magari yanayoitumia badala ya dizeli. Huku uwandani tunaisikia redioni.

Nilimfuata dereva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hizo nozo vipi?"

"Nimeshamwambia tajiri. Anasema mpaka msimu wa korosho."

"Basi ukisubiri watoto, zima."

"Nani atasukuma, mzee?"

Siku hizi natoka mapema, mimi na jirani. Watoto wakishapanda, tunaegemea mlango wa nyuma na kusukuma. Kikiwaka, moshi unanipiga usoni. Bado unanukia Mtwara.