Susan Isaacs: Mhadhiri Aliyeandika Maneno ya Watoto

Susan Isaacs alizaliwa tarehe 24 Mei 1885 karibu na Bolton, kaskazini ya Uingereza, mji wa viwanda vya pamba. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Susan Sutherland Fairhurst. Baba yake alikuwa mwandishi wa gazeti na mhubiri wa Kimethodisti. Mama yake alifariki Susan akiwa na umri wa miaka sita, na baba akamwoa muuguzi aliyekuwa akimtunza marehemu. Alipofika miaka 15 binti huyo alitangaza kwamba hasadiki tena dini na kwamba ni msoshalisti. Baba yake alimtoa shule, kisha kwa muda wa miaka miwili hakumsemesha. Susan alibaki nyumbani na mama wa kambo. Alijifunza kazi kwa mpiga picha, halafu akaajiriwa kufundisha watoto wa familia moja nyumbani kwao. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angefundisha walimu wa Uingereza jinsi ya kumsikiliza mtoto alikulia katika nyumba ambayo swali la mtoto lilijibiwa kwa kimya.

Mwaka 1907 aliingia Chuo Kikuu cha Manchester kusomea ualimu wa watoto wa miaka mitano hadi saba, kozi iliyohesabiwa kuwa ya chini kuliko shahada. Wahadhiri waliona uwezo wake wakamhamishia masomo ya shahada, na mwaka 1912 alimaliza falsafa kwa daraja la kwanza. Chuo cha Newnham, Cambridge, kilimpa ufadhili wa utafiti katika maabara ya saikolojia, akapata shahada ya uzamili mwaka 1913. Kazi yake ya kwanza ya uhadhiri ilikuwa katika chuo cha ualimu cha Darlington, na baada ya mwaka mmoja akarudi Manchester kufundisha mantiki. Ndoa yake ya kwanza, na mtaalamu wa mimea William Brierley, haikudumu. Mjini London alifundisha saikolojia katika madarasa ya jioni ya wafanyakazi. Huko alikutana na Nathan Isaacs, mfanyabiashara wa madini aliyekuwa mwanafunzi wake na mdogo wake kwa miaka kumi, wakaoana mwaka 1922. Katika miaka hiyohiyo alijifunza tiba ya nafsi iliyoasisiwa na Sigmund Freud, akaanza kutibu wagonjwa.

Hadi hapo hakuna kilichoonyesha kwamba angekumbukwa kwa ajili ya watoto wadogo. Mabadiliko yalikuja kwa tangazo la magazetini. Mwaka 1924 Geoffrey Pyke alitafuta mwanamke msomi wa kuongoza elimu ya kikundi kidogo cha watoto kama kazi ya kisayansi. Pyke alikuwa kituko. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifungwa katika kambi ya Ruhleben, Ujerumani, akatoroka na kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, na katika vita vya pili alipendekeza meli za kubebea ndege zijengwe kwa barafu. Alikuwa na mwana mdogo, naye hakutaka mtoto huyo asomeshwe kama alivyosomeshwa yeye. Fedha alizipata kwa kubashiri bei za madini sokoni.

Shule ilifunguliwa Oktoba 1924 mjini Cambridge, katika nyumba kubwa yenye bustani karibu na mto Cam, iliyoitwa Malting House. Watoto wa mwanzo walikuwa kumi, wote wavulana, mdogo wao akiwa na miaka miwili na miezi minane na mkubwa miaka minne na miezi kumi. Wengi walitoka katika nyumba za wanazuoni wa chuo kikuu. Vifaa vya shule vingeshtua mzazi wa leo sawasawa na walivyoshtuka wa wakati ule. Kulikuwa na msumeno wa kushikwa na watu wawili, zana za seremala, mashine ya taipu, vichomeo vya gesi vya maabara, na pembea ya ubao iliyoning'inizwa vipande vya uzito vya kusogeza, ili mtoto agundue mizani mwenyewe. Bustanini waliishi sungura, simbilisi, panya, kuku, nyoka na viwavi wa hariri. Kila mtoto alikuwa na kitalu chake. Mnyama alipokufa, watoto waliotaka walipewa visu vya maabara wampasue waone ndani mna nini.

Uhuru huo ulikuwa na mipaka, jambo ambalo wapinzani wake walipenda kulisahau. Kupanda juu ya paa la kibanda kuliruhusiwa, lakini mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kilichokosekana ni adhabu, na pia jibu la haraka. Mtoto alipouliza kitu, Isaacs hakumweleza ikiwa kulikuwa na njia ya kwenda kuangalia. Mfano mashuhuri ni wa sungura aliyekufa majira ya joto ya mwaka 1925. Watoto walibishana kama amekufa kweli. Mmoja alisema tumbo halipandi wala halishuki tena, mwingine akaona atiwe kwenye maji. Walimzika. Siku ya pili maneno yalizuka kwamba hayupo tena kaburini, amekwenda mbinguni. Mwalimu aliuliza kama wangependa kuhakikisha, wakafukua, wakamkuta palepale. Mtu anaweza kuona ukatili katika kisa hicho, na wako walioona. Lakini hakuna fundisho lolote kuhusu kifo ambalo mtoto wa miaka minne angelielewa vizuri kuliko kile alichokitazama kwa macho yake akiwa amezungukwa na wenzake.

Kisa hicho kinajulikana kwa sababu kiliandikwa siku hiyohiyo. Kazi kubwa ya Malting House haikuwa kufundisha, ilikuwa kuandika. Walimu walinukuu yale watoto waliyosema na kutenda, kwa tarehe na kwa umri wa kila mtoto kwa miaka na miezi. Baadaye Pyke aliajiri hata makarani wa hatimkato wa kukaa kimya na kuandika kila neno. Isaacs aliwakataza walimu kuchanganya walichokiona na maoni yao juu ya walichokiona. Katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu ukuaji wa akili, Intellectual Growth in Young Children, kumbukumbu zimechapishwa ndefu, mbali na ufafanuzi wake, ili msomaji asiyekubaliana naye aweze kuzitumia dhidi yake. Kitabu cha pili, Social Development in Young Children cha mwaka 1933, hakikuficha kitu: watoto wa watu wenye heshima walitemeana mate, walitishiana kuuana, walizungumza juu ya miili yao bila haya. Wasomaji wengine walikasirika. Kuondoa kurasa hizo kungekuwa rahisi, na kitabu kingeuzika zaidi, lakini kingekuwa cha uongo.

Machi 1927 shule ilitembelewa na Jean Piaget wa Uswisi, aliyekuwa ameanza kuvuma kwa hoja kwamba mtoto mdogo bado hawezi kufikiri kwa sababu na matokeo. Alimweleza mwenyeji wake kuhusu utafiti juu ya baiskeli: kwa kawaida mtoto hawezi kueleza jinsi inavyokwenda mpaka afike miaka minane au tisa. Wakati huo mvulana wa miaka mitano na miezi tisa alikuwa ameketi bustanini juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, akizungusha pedali kinyumenyume. Isaacs alimwendea akamuuliza inakwendaje mbele. Mtoto akaeleza bila kusita: miguu inasukuma pedali, pedali zinazungusha gurudumu la meno, hilo linavuta mnyororo, na mnyororo unazungusha magurudumu. Kisa kimoja hakiangushi nadharia, na Isaacs hakudai hivyo. Alichodai ni kwamba mtoto huonekana mjinga anapohojiwa juu ya jambo asilowahi kulishika, na huonekana mwerevu anapohojiwa juu ya chombo anachokipanda kila siku. Hoja hiyo imestahimili miaka vizuri kuliko nyingi za wakati wake.

Mwishoni mwa mwaka 1927 aliondoka. Uhusiano na Pyke ulikuwa umeharibika, na biashara yake Pyke ya madini ilikuwa imeanguka. Shule ilifungwa mwaka 1929.

Ni haki kusema kwamba Malting House, kwa yenyewe, haikuthibitisha mengi. Watoto walikuwa wachache, wenye akili kali na wazazi wenye uwezo, na walimu walikuwa wengi kupita kiasi. Mwalimu mwenye watoto hamsini katika chumba kimoja mjini Leeds au London hakuwa na bustani wala karani wa hatimkato. Swali lililobaki lilikuwa kama kuna chochote cha kumpa mwalimu huyo, na maisha ya kazi ya Isaacs kuanzia hapo ni jibu lake.

Kwanza aliwaandikia walezi. Kitabu chake kidogo The Nursery Years kilitoka mwaka 1929, na mwaka huohuo alianza safu katika gazeti la Nursery World kwa jina la kubuni la Ursula Wise. Mama na mayaya walimwandikia juu ya mtoto anayekataa kula, anayelia usiku, anayemng'ata mdogo wake. Katika nchi ambayo vitabu vya malezi vya siku zile viliagiza mtoto anyonyeshwe kwa saa na aachwe alie, Ursula Wise aliuliza kwanza: hutokea saa ngapi, nani yupo, kilitangulia nini? Ni njia ileile ya Cambridge, ila sasa anayetazama ni yaya.

Mwaka 1933 Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha London, chini ya Percy Nunn, kilianzisha Idara ya Makuzi ya Mtoto na kumpa aiongoze. Nafasi hiyo haikuwa ya muda wote, na idara ilikuwa ndogo. Ushawishi wake ulitokana na aina ya wanafunzi. Hawakuwa vijana waliotoka sekondari bali walimu waliokwisha kufundisha, ambao baada ya kozi walirudi kuwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu na wakaguzi. Alimkaribisha pia daktari wa watoto D. W. Winnicott, aliyefundisha hapo kwa miaka mingi. Dorothy Gardner, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, aliandika maisha ya Isaacs mwaka 1969 kwa mapenzi yasiyofichwa. Anayemkumbuka ni mwalimu mwenye mantiki kali, aliyetoa mhadhara kwa mpangilio safi na kumsikiliza mwanafunzi kama alivyomsikiliza mtoto.

Utetezi wake wa watoto ulianzia kwenye kamati. Kamati ya Hadow, iliyotoa ripoti juu ya shule za awali mwaka 1933, ilipokea ushahidi wake. Mwaka 1935 aligundulika kuwa na saratani, na miaka miwili baadaye, akiwa mgonjwa, alisafiri hadi Australia na New Zealand kuhutubia mikutano ya walimu. Chuo Kikuu cha Adelaide kilimtunuku udaktari wa heshima.

Septemba 1939 watoto wa London walihamishwa kwa treni kuepushwa na mabomu. Isaacs aliongoza uchunguzi wa wale waliopelekwa Cambridge kutoka Tottenham na Islington, na wataalamu wa tiba ya nafsi John Bowlby na Melanie Klein walikuwa miongoni mwa waliochangia mawazo. Maafisa walihesabu vitanda na chakula. Isaacs na wenzake waliwaomba watoto wenyewe waandike wanachokipenda Cambridge na wanachokikosa. Walichokikosa kwanza ni watu wa nyumbani. Ripoti, The Cambridge Evacuation Survey ya mwaka 1941, ilisisitiza kwamba ndugu wasitenganishwe na wenyeji wachaguliwe kwa uangalifu, na kwamba uhusiano wa kifamilia una uzito kuliko mipango iliyofanywa bila kuufikiria. Vita vilipokwisha alitoa maoni hayohayo mbele ya kamati ya serikali iliyochunguza malezi ya watoto wasio na makao.

Ndani ya jumuiya ya wataalamu wa tiba ya nafsi alisimama upande wa Melanie Klein katika mabishano makali ya miaka ya vita, na hoja yake ya mwaka 1943 kuhusu njozi za mtoto mchanga bado husomwa. Walimu wengi hawakuijali sehemu hiyo ya kazi yake. Yeye hakuona ukuta kati ya kazi hiyo na ile ya ualimu.

Mwaka 1943 ugonjwa ulimlazimisha kuacha idara, na Gardner akamrithi. Alipewa nishani ya CBE mwaka 1948, akafariki tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Nathan aliishi hadi mwaka 1966. Yeye, aliyekuwa ameandika nyongeza kuhusu maswali ya "kwa nini" ya watoto katika kitabu cha mkewe cha mwaka 1930, na ambaye pamoja naye alimpinga Piaget, ndiye aliyetumia miaka yake ya mwisho kuwaeleza walimu wa Uingereza nadharia ya Piaget kwa lugha nyepesi, akiitia ndani yake masahihisho ya Malting House.