Kwa Tanga Katika Ghuba ya Mwanza

Wengi wetu huvuka Ziwa Victoria kwa meli au boti ya injini, tukisinzia na watoto mapajani. Safari hii sisi na baba watoto, pamoja na binti yetu wa miaka 10, tulikwenda kwa tanga, katika mashua ndogo ya mzee mmoja mvuvi.

Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kutoka ziwani kuja ufukoni. Usiku hugeuka. Kati ya nyakati hizo haueleweki, na yale majabali ya Mwanza huuvuruga zaidi: nyuma ya jabali tanga hulegea, ukilipita tu unapigwa kofi.

Mzee alitukabidhi kana, ule mkono wa usukani. Tuliubana kama mchi. "Mama, shika kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga," alisema. Usukani ukisukumwa kwa nguvu huzuia maji, na mashua hupoteza mwendo. Akatuonyesha ukingo wa mbele wa tanga: ukianza kutikisika, umeuelekea upepo mno, basi jitenge nao kidogo. Upepo ukihamia mbele na kututoa njiani, tugeuze tanga upande wa pili, maana upande huo sasa unatupeleka karibu zaidi na tuendako. Ukihamia ubavuni, tusigeuze. Tuufuate tu, tupande nao.

Demani, kamba ya kuvutia tanga, ilituchosha mikono. Tukaifunga. (Akina mama tumezoea kufunga mizigo!) Mbele yetu maji yakawa meusi, kama mtu amepitisha kivuli, nasi hatukujua kwamba huo ndio upepo wenyewe unakuja. Mashua ililala ubavu, maji yakaingia, binti akang'ang'ania gauni. Jaketi lake la kuokolea lilikuwa chini ya kapu la ndizi! Mzee hakusema neno. Aliikata kamba kwa kisu, tanga likapepea, mashua ikainuka.

Tulikumba maji kwa sufuria, tukamvika mtoto jaketi kabla ya lingine lolote. Kurudi, baba watoto alishika demani mkononi, sisi tukakaa upande unakotoka upepo ili mashua isilale. Na binti, tuliyedhani hatapanda tena, alikaa mbele akipaza sauti: "Mama, maji meusi!"