Niliweka akiba kwenda kuwaona Sauti Sol, nyumbani wakanuna

Ukitaka kujua ni nani anayebeba familia, angalia ni nani anayeulizwa maswali akitumia hela yake mwenyewe. Ndugu asiyetoa kitu akinunua simu mpya, hakuna anayeshtuka. Yule anayelipa ada na dawa akijinunulia gauni, kikao kinaitishwa.

Mimi ndiye wa kuitishiwa kikao. Nina mgahawa mdogo Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, nawapikia madereva wa malori na abiria. Mama yetu anaishi Kilosa. Kila mwezi namtumia ya matumizi, na mtoto wa kaka yangu nimemnunulia sare na madaftari mpaka amefika kidato cha nne. Silalamiki. Ni damu yangu.

Mei 2023, kundi la Sauti Sol la Kenya lilitangaza kwamba baada ya miaka mingi pamoja, Bien, Chimano, Savara na Polycarp watapumzika kama kundi na kila mmoja ashike shughuli zake. Onyesho la kuaga lingefanyika Nairobi, Novemba 4, katika viwanja vya Uhuru Gardens, pale bendera ya Kenya ilipopandishwa mara ya kwanza mwaka 1963.

Kwa mwingine ni habari ya burudani tu. Kwangu ilikuwa habari ya jikoni. Mume wangu alipofariki, nilianza kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati peke yangu. Sauti zilizokuwa zikinisindikiza mpaka kunakucha ni zao, kwenye simu niliyoiegemeza kwenye kopo la chumvi. Nikajiambia, kabla hawajaachana, nitawaona kwa macho yangu.

Nilinunua kibubu. Kila siku nikifunga hesabu, natoa kwanza ya mama, ya pango na ya mkaa, kisha shilingi 3,000 inaingia kibubuni. Mwishoni mwa Oktoba nilikuwa na zaidi ya laki nne na nusu. Hati ya kusafiria nilishaishughulikia, na binti anayenisaidia mgahawani alishakubali kubaki na jiko.

Ndipo kaka alipopiga simu. Pikipiki yake ilikuwa imekufa injini na alitaka nimkopeshe. Nikamwambia hela iliyopo ina kazi yake. Akauliza kazi gani. Nikamweleza.

"Mdogo wangu," akasema, "hela ya kwenda kucheza muziki Kenya unayo, ya kumsaidia kaka yako huna?"

"Kaka, Julai nilitoa ya mabati ya mama, Septemba nikatoa ya mitihani ya mwanao. Hii ni ya kwangu."

Akakata simu. Wiki hiyohiyo nikaitwa Kilosa. Nilimkuta kaka, shangazi na mama wamekaa barazani. Kaka alisema yote: mjane, umri wangu, watu watasema nini. Shangazi akaitikia. Mama alikuwa anachambua mchele, kimya.

Kisha akaweka ungo chini. "Baba yenu," alisema, "alikuwa anapanda treni hapa Kilosa kwenda Morogoro kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe. Anarudi Jumapili jioni hana senti. Nani alimwitia kikao?"

Hakuna aliyejibu. "Na mimi nilikuwa nampenda huyo Mbaraka. Nilikuwa namsikia redioni. Sikuwahi kumwona hata siku moja, mpaka tukasikia amekufa kwa ajali huko Mombasa, mwaka 1979. Nilikuwa nabaki na mtoto mgongoni." Akamgeukia kaka. "Mtoto mwenyewe ulikuwa wewe."

Kikao kiliishia hapo.

Safari ni ndefu. Mikumi hadi Morogoro unakatiza hifadhi, basi likipunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Kisha Chalinze, Segera, Same, Moshi, Arusha. Namanga maofisa wa nchi zote mbili wako katika jengo moja, ukimaliza dirisha moja unahamia jingine. Kilichoniumiza ni kubadilisha hela: shilingi moja ya Kenya ilikuwa inameza zaidi ya 16 za kwetu.

Usiku ule nilisimama katikati ya vijana ambao wengi ningeweza kuwazaa. Walipopanda jukwaani nililia kidogo, kisha nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kwa saa kadhaa hakuna aliyeniuliza chakula kimeiva au ada italipwa lini. Tangu nizike mume wangu, sikuwa nimepata muda wa namna hiyo.

Kaka hakuongea nami mpaka Krismasi. Iliniuma, maana tulikua sahani moja. Alipokuja hatimaye, alikuja na pikipiki imetengenezwa. Alikuwa amemlipa fundi kidogo kidogo. Wote wawili tuliliona hilo, wala hatukulisemea.

Ninalotaka kuwaambia wenzangu mnaobeba ndugu ni hili: toeni kilicho wajibu wenu kwanza, kisha kilicho chenu kitajeni wazi, kiwe na chombo chake na tarehe yake. Hela isiyo na jina kila mtu huiona yake. Na ndugu akikukataliea mara moja baada ya kukupa mara kumi, usimwite mchoyo.

Niliporudi, mama hakuuliza nimemletea nini. Aliniambia, "Kaa hapa, niambie walivyopiga." Nilimsimulia mpaka taa ikaishiwa chaji.

Siku hizi treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Morogoro, na mama hajawahi kuipanda. Mbaraka hayupo, lakini bendi zinazopiga nyimbo za zamani zipo. Nimenunua kibubu kingine. Juzi nilikitikisa nikasikia kizito kuliko nilivyokiacha. Binti wa jikoni akaniambia kaka alipita, akaomba maji ya kunywa, na akatumbukiza noti ya elfu tano.