Simu inayojua kungoja

Mama mmoja wa kambi ya wahami ya Kigonze, hapa Bunia, aliyekimbia vita vya Djugu, hana shida na redio ya simu yake ndogo. Hata gizani, kidole kinaijua. Tochi vilevile. Taabu ni pesa.

Mdogo wake akimtumia franka, menyu inafunguka kwa Kifaransa. Yeye anasoma Kiswahili, polepole. Kabla hajafika mstari wa tatu, menyu imejifunga. Alikuwa amekariri: finya moja, kisha nne. Siku moja mpangilio ukabadilika, na alichofinya hakijui hadi leo. Sasa anamwita kijana wa jirani, anamtajia namba ya siri. Siri gani hiyo? Wahami wengi watacheka hapa, wanaijua.

Hatafuti simu ya bei kubwa. Menyu imngoje. Iseme Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, tena kwa sauti, kama redio. Na kabla pesa hazijaondoka, itaje jina la mpokeaji, aweze kukataa.

Juzi pesa za dawa ya mtoto zilifika usiku. Kijana hakuwepo. Mama akaizima simu, chaji isiishe, akangoja kuche.