Mtumbwi wa Mzee

Notisi ya chama cha wenye nyumba ililetwa kwa WhatsApp: mtumbwi wa mzee wangu utolewe gatini, ati "unaharibu sura ya mtaa." Boti za faiba za majirani zikabaki hapo hapo. Na sisi hulipa ada kama wao! Kinachowaudhi si mbao kuukuu. Ni kuona jirani yao hapa Mtwapa akiingia majini kutafuta kitoweo, si kupunga upepo.

Gati ni la chama, sawa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Nilimsomea mzee. Akaniuliza, "Kwani hilo lilihitaji kuandikwa?"

Sasa mtumbwi umetia nanga ufuoni. Notisi ya pili imeshafika. Hii tutaijibu kwa maandishi.